Shuka la Watu Wawili

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu kafa jana saa nne asubuhi. Kafia kazini, dobi. Tumemzika leo.

Moyo, kasema daktari. Basi.

Mimi nilikuwa ndani ya mtaro, maji magotini, tunatafuta bomba lililopasuka. Nyapara kasimama juu kaniita jina langu lote. Nikajua kuna jambo. Siku zote ananiita "we mzee".

Kanipa ruhusa mpaka Jumapili ya tarehe 17. Kaniambia pole mara tatu. Mtu hajui la kusema, anarudia.

Watu wengi mazikoni. Wenzake wa dobi wamekuja na sare zao za bluu, hawakupata muda wa kubadili. Mmoja hakusogea. Yule mwembamba wanamwita Pacha. Kasimama mbali getini, mikono kaificha ndani ya kanga. Sijui kwa nini hanitoki kichwani.

Daftari hili ni la binti yangu. Alinunua mawili ya chuo, hili bado jeupe. Kanikuta naangalia ukuta. Baba, kama husemi basi andika. Kaapa hatasoma. Hata akitaka hawezi, mwandiko wangu mimi mwenyewe unanishinda.


Ijumaa, 8 Machi

Watu wamepungua. Dada yangu kabaki, anaamrisha jiko.

Mtoto kapigiwa simu na mwalimu wake. Kapewa pole, halafu kaongezewa muda. Kazi yake ya mwisho ya chuo alete Jumatatu tarehe 18 saa sita mchana. Isipofika, anarudia mwaka.

Nikamuuliza kazi gani. Insha ya picha, kasema. Unachagua mahali pamoja watu wanapofanya kazi, unakaa nao wiki nyingi, unapiga picha, unaandika chini yake watu wale wanaishije. Picha zisipangwe. Usimwambie mtu cheka, usimwambie mtu simama hapa. Somo linaitwa sosholojia.

Nikamwambia hilo si somo, huo ni umbeya.

Kacheka! Mara ya kwanza tangu Jumanne. Kasema, ndiyo baba, lakini umbeya wa maksi.

Nikauliza amechagua wapi. Kaanza kukusanya vikombe. Halafu kasema, dobi. Kwa mama.

Kumbe alikuwa anakwenda huko tangu Januari, kila Jumatano na Ijumaa, na kamera ya chuo. Mimi sijui. Walikuwa wanaondoka wote wawili alfajiri, nikidhani mmoja chuo mmoja kazini. Wanawake na siri zao. Wangeniambia ningekataa? Sijui. Pengine.


Jumapili, 10 Machi

Leo kanionyesha picha kwenye kompyuta yake. Kumi na tano.

Miaka kumi na tisa mke wangu kafanya kazi pale. Sijawahi kuingia. Namsindikiza mpaka kona siku za mvua, nageuka. Sasa ndo naona ndani. Haya!

Si dobi wa mtaani. Ni jengo zima. Mashuka ya hospitali, ya hoteli, marobota mpaka dari. Mashine za kufulia zina milango ya duara, mtu anaweza kuingia akakaa. Kuna mashine ya kunyoosha, roli mbili za moto, shuka linaingia kama tambara linatoka kama karatasi. Halafu ndo linakwenda kwa wakunjaji.

Mke wangu mkunjaji. Hilo nilijua. Lakini nilidhani kukunja ni kukunja.

Wanakunja wawili wawili. Huyu ncha mbili, yule ncha mbili. Wanakung'uta mara moja, wanasogeleana, mmoja anampa mwenzake ncha zake, anainama anaokota mkunjo wa chini, wanarudi nyuma. Mtoto anasema hawasemeshani. Shuka mia nne kwa siku, kila jozi. Mke wangu na Pacha, jozi moja miaka kumi na nne.

Wenzake walikuwa wanamwita Rula. Sababu pindo lake halipindi. Rula! Nyumbani hapa hajakunja hata leso. Nguo zangu zote ziko kwenye kiti, lundo. Nimemsema sana kwa hilo. Nilimwita mvivu mbele ya mama yangu.

Sasa kuna picha moja. Mtoto kaandika chini yake "Mapumziko". Mke wangu kakaa juu ya robota, kichwa kakiegemeza ukutani, macho wazi. Pacha yuko mbele anakunja. Anakunja peke yake. Ncha mbili za shuka kazifunga kwenye komeo la dirisha, anavuta upande wake, anakunja, anakwenda kufungua, anarudi.

Nikauliza hiyo ya komeo ni mtindo gani. Mtoto kasema labda ndo wanavyofanya mmoja akichoka.

Labda. Mimi nimebeba mabomba na watu miaka thelathini. Bomba la watu wawili halibebwi na mmoja hata mwenzako akichoka. Mnaliweka chini, mnakaa wote.

Nataka kujua.


Jumatatu, 11 Machi

Kuna fomu. Kila mtu ambaye uso wake unaonekana aweke sahihi kwamba amekubali picha yake itumike. Bila sahihi mwalimu hapokei. Picha zitabandikwa chuoni kwenye korido, watu wapite watazame. Mama yake angekuwepo ndo angewaambia wenzake, wangesaini wote siku moja.

Mtoto kaenda leo peke yake. Sita wamesaini. Mmoja hajui kuandika, kaweka kidole.

Pacha kakataa. Hakutoa sababu. Kasema tu, zifute.

Yumo kwenye picha kumi na moja kati ya kumi na tano. Pacha akikataa hakuna insha. Mtoto karudi kajifungia. Dada yangu anasema kaloga huyo mwanamke. Dada yangu kila kitu uchawi, hata bomba likipasuka.


Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda naye. Nimembebea taa yake na kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga. Kibarua ni kibarua.

Joto la mle ndani! Mimi nachimba juani, nilidhani najua joto. Lile la mle lina maji ndani yake. Dakika kumi shati limenata. Na kelele. Wanaongea kwa mikono na nyusi.

Nimeona mahali alipoangukia. Nilidhani kutakuwa na kitu. Sakafu tu. Wameshaweka robota jingine.

Wale wanawake wana maneno! Walinipa pole, wakalia kidogo, baadaye wakaanza.

"Shemeji, ndo wewe? Rula alituambia una mabega, hakusema na sikio moja kubwa."

"Mwache shemeji, sikio la kusikilizia mabomba hilo."

"Shemeji, njoo ukunje basi, tukupime. Usije ukatuoa bure hujui kazi."

Mama mmoja mnene wa mashine ya kunyoosha kanishika mkono kanipa ncha mbili. Nikakung'uta kama naondoa udongo kwenye turubai. Shuka likamtoka mikononi likamfunika kichwa. Wakacheka mpaka mmoja kakaa chini. Nikajaribu tena. Ya pili ikatoka kama sambusa. Mikono yangu haijui kitu chepesi. Lakini nimeelewa kitu: ukivuta sana mwenzako anajikwaa, ukilegeza shuka linagusa chini, linarudi kufuliwa. Lazima ujue mwenzako anavuta kiasi gani leo. Leo, si jana.

Mtoto akapiga picha. Kisha akaifuta mwenyewe. Kasema hiyo imepangwa, baba, wewe si mfanyakazi wa hapa. Sawa. Somo lina adabu yake.

Pacha alikuwa kona ya dirishani. Kapewa jozi mpya, msichana mgeni. Hawaendani. Shuka lao linagusa chini kila mara. Hakunitazama hata mara moja.

Nikauliza kwa sauti, hili komeo la dirisha linatumikaje?

Nyusi zote zikasimama. Yule mama mnene kasema haraka, hiyo ni ya dharura tu, shemeji. Kisha wote wakawa na kazi nyingi.

Tumetoka bila sahihi.


Alhamisi, 14 Machi

Leo nimefanya jambo baya. Naandika kabla sijajidanganya.

Nilimwambia mtoto afungue picha zote, hata zile alizoziacha. Mia mbili na kitu. Kila picha ina tarehe na saa chini yake. Sisi kwenye mtaro tukitaka kujua wapi panavuja hatutazami bomba, tunatazama udongo tangu mwanzo mpaka mwisho, wapi umeanza kuloa. Nikatazama hivyo. Natafuta komeo.

Tarehe 24 Januari, komeo halina kitu. Wanakunja wote wawili. Mke wangu anacheka.

Tarehe 26, shuka liko kwenye komeo. Mke wangu nyuma, juu ya robota. Mtoto alikuwa anapiga mashine, wao wako kwa mbali, wadogo.

Tarehe 2 Februari, komeo. Tarehe 7. Tarehe 9 mara tatu, asubuhi na mchana. Tarehe 21. Tarehe 28 kutwa nzima, na mke wangu hayuko kwenye robota, yuko chini kabisa, nyuma ya kitoroli, zinaonekana ndala zake tu.

Wiki tano na zaidi. Mtu anakunja kazi ya wawili wiki tano. Mke wangu alikuwa mgonjwa wiki tano na Pacha alijua na dobi nzima ilijua.

Na mtoto alikuwa pale na kamera.

Nikamwambia. Nikamwambia, ulikuwa unapiga picha mama yako anakufa.

Kafunga kompyuta polepole, kama kuna mtu kalala ndani. Kaenda kwa shangazi yake. Dada yangu alikuwa amesharudi kwake jana, kwa hiyo nyumba sasa yangu peke yangu.


Ijumaa, 15 Machi

Sijatoka. Nimekula mkate. Kavu.

Simu yake inaita hapokei. Haki yake.


Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda kwa Pacha. Nyumba yake iko nyuma ya karakana ya magurudumu, nimeuliza mara mbili nikaonyeshwa. Nilikuwa na maneno makali njia nzima. Nimeyapanga kabisa.

Mume wake kafungua. Kaniona, kasema karibu shemeji, mimi ndo natoka. Hakuwa anatoka. Alikuwa na bukta.

Pacha alikuwa anachambua mchele. Hakusimama. Kasema, nilijua utakuja, nilidhani Jumatano.

Nikamwambia nimeona komeo. Tangu tarehe 26.

Kasema, tangu 25. Siku hiyo mwanao hakuwepo.

Kanieleza. Hakulia, kaeleza kama mtu anayekabidhi zamu. Siku ile mke wangu mkono wa kushoto ulikufa ganzi, shuka likamponyoka. Kakaa. Pacha kamwambia nenda hospitali. Kakataa. Kamwambia basi mwambie mumeo. Hapo ndo mke wangu kamshika Pacha mkono kamwapisha. Ukimwambia yule, kesho yake ananifungia nyumbani na kesho kutwa mtoto anaacha chuo aje aniuguze. Namjua. Amebakiwa na muhula mmoja. Akimaliza muhula huu nitakwenda hospitali kwa miguu yangu mwenyewe.

Ndivyo alivyosema. "Yule." Mimi ndo yule.

Na ni kweli ningefanya hivyo. Hata siku moja nisingesubiri.

Kasema walikuwa wanajificha mtoto akigeuza kamera. Mwanzoni. Baadaye mke wangu hakuweza kuinuka haraka hivyo. Pacha akawa anasimama mbele yake makusudi, amzibe. Ndo sababu yumo kwenye picha kumi na moja. Mtoto alidhani huyu mama anapenda kupigwa picha! Kamwandikia huko chini, "mchangamfu".

Nikauliza, msimamizi je? Kasema msimamizi anaangalia idadi. Idadi ilikuwa inatimia.

Mia nne, peke yake. Nikatazama mikono yake. Ndo kisa alikuwa anaificha mazikoni. Vidole vimevimba kwenye viungo, kile cha gumba hakikunjiki.

Maneno yangu makali sikuyaona tena. Sijui nimeyaangusha wapi.

Nikamwambia basi saini, kama ulimfanyia yote haya unaogopa nini.

Kaweka ungo chini. Kasema:

"Shemeji, picha ile ikibandikwa, kila mtu ataona nilijua. Siogopi chuo. Nakuogopa wewe na yule mtoto. Nililala na siri ile wiki tano, nikasema kesho nitasema, kesho nitasema. Jumanne nikasikia robota limeanguka, kumbe si robota. Sasa wewe niambie. Mimi nina kosa au sina? Usinipe pole. Niambie. Ukishaniambia, lolote utakalosema, nasaini zote."

Nikaomba maji.

Mtu mzima na mvi zangu. Nikanywa maji aliyonipa, yote, nikashukuru kwa maji, nikaondoka. Mume wake alikuwa nje ukutani na bukta yake. Kaniambia, haya shemeji. Nikamwambia haya.


Jumapili, 17 Machi

Mtoto karudi asubuhi. Alikuwa amevaa sweta la mama yake.

Nikamwambia niliyosema Alhamisi yalikuwa ya mtu mjinga. Kasema, ndiyo. Nikamwambia nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu, nikashika wa karibu. Kasema, ndiyo baba. Nikamwambia mama kuna chai. Huwa namwita mama, tangu mdogo. Kakaa kanywa. Imeisha hivyo. Haijaisha, lakini tumekaa meza moja.

Nikamweleza ya Pacha, yote. Mpaka ile ya "mchangamfu". Hapo ndo kalia. Kalia sana. Kasema niliangalia kwa jicho la kamera, baba, nikasahau nina mengine mawili.

Baadaye kafungua kompyuta. Kataka kuifuta ile picha ya robota. Abaki na zile nne ambazo Pacha hayumo, apeleke hizo, afeli tu, arudie mwaka. Kasema mwaka si kitu.

Nikamwambia mwaka ni kitu. Mama yako kaununua.

Usiifute, nikasema. Futa hilo neno. Mapumziko! Nani alikuwa anapumzika hapo?

Kauliza, sasa niandike nini?

Nikatazama ile picha muda mrefu. Si somo langu, mimi nimeishia darasa la nne. Nikamwambia andika unachokiona. Mwanamke mmoja anakunja shuka la watu wawili. Mwenzake ni mgonjwa. Hawajamwambia mtu.

Kaandika. Hakubadili hata neno. Halafu kaniangalia, kasema, baba, sasa hii ndo sosholojia. Nikasema huo bado umbeya. Kacheka na kamasi.

Kisha kauliza lile lile. Pacha anataka jibu, baba. Utamjibu nini?

Nikasema kula kwanza.

Nimekaa nalo mchana kutwa. Nikimwambia hana kosa, nitakuwa naongopa? Angesema neno moja tu, siku moja tu, huenda mke wangu angekuwa jikoni sasa hivi. Huenda. Nikimwambia ana kosa, sawa, na mimi? Yeye alikuwa naye saa kumi kwa siku, aliona, akambeba. Mimi nilikuwa naye kitanda kimoja. Wiki tano mkono wa kushoto una ganzi, mkono ule ule ulio upande wangu, mimi nakoroma. Nilimwona kachoka, nikasema anazeeka. Nikamwambia mwenyewe, unazeeka wewe! Kacheka.

Kuna anayejua bomba limepasuka na kuna anayelala juu ya maji hajui. Sijui yupi ana kosa kubwa. Nyapara angesema wote, angetukata mshahara wa siku.

Lakini Pacha hakuuliza nyapara. Kaniuliza mimi.

Mtoto kapanga picha kumi na tano kwenye bahasha. Fomu kaiweka juu ya meza, nafasi moja haina sahihi. Kasema ataisubiri mpaka saa tano na nusu, baada ya hapo anakwenda nayo hivyo hivyo. Hakuniomba. Angeniomba ningekasirika.

Nimeitia mfuko wa shati. Na kalamu.

Dobi wanaingia saa kumi na mbili. Sisi tunaanza saa moja. Kesho narudi kazini, lakini kwanza napitia dobi.